Ufaulu wa asilimia 100, lakini watoto 24 hawaonekani: niandike nini kwenye taarifa ya mwaka?

SWALI

Bwana asifiwe, ndugu washauri.

Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule ya sekondari ya Kikristo, shule binafsi yenye kutwa na bweni. Nimepewa kazi ya kuandaa taarifa ya mwaka ya maendeleo ya shule, itakayosomwa mbele ya wazazi na viongozi wa kanisa wiki sita zijazo. Kazi nimeipokea kwa moyo, lakini kila nikikaa kuandika nakwama.

Watahiniwa wetu 68 wote wamefaulu mtihani wa mwisho. Mkuu wa shule anataka jalada liandikwe "UFAULU ASILIMIA 100", chini yake picha za wanafunzi kumi bora, basi. Mimi nilikuwemo kwenye kamati ya udahili miaka minne iliyopita na nakumbuka tulipokea watoto 84 kidato cha kwanza. Tena kati ya hao 68, watoto 8 walijiunga nasi njiani, wote wenye alama nzuri. Nilipouliza wengine wako wapi nikajibiwa "wamehama". Lakini nawafahamu wazazi wa watoto wawili walioitwa ofisini wakaambiwa ni heri mtoto akaandikishwe mtihani kwingine.

Upande wa pili, waliopata daraja la juu wamepungua. Mwaka juzi walikuwa 17 kati ya 64, mwaka jana 23 kati ya 66, mwaka huu 19 kati ya 68. Mzee mmoja wa bodi anasema mwalimu wa taaluma amelala, aondolewe. Ieleweke kuwa hili ndilo kundi la kwanza lenye watoto wengi wa mfuko wa ufadhili, ambao tuliwapokea na alama za chini kwa makusudi.

Mhazini anaonya kwamba tukianika yote, wazazi watahamisha watoto. Mchungaji wa shule naye anataka tuandike idadi ya watoto waliookoka na kubatizwa, kwa kuwa ndiyo sababu ya shule yetu kuwepo. Sitaki kusema uongo mbele za Mungu na mbele za wazazi, na sitaki kuibomoa shule. Naanzia wapi?

Mjumbe wa bodi

JIBU

Amina, ndugu mjumbe. Anzia kwenye 84.

Taarifa nyingi za shule huhesabu waliofika chumba cha mtihani, kisha zikatangaza wangapi kati yao wamefaulu. Mzazi anayemleta mtoto kidato cha kwanza ana swali jingine kabisa: je, mwanangu atamaliza hapa, na atamaliza akiwa na nini mkononi? Asilimia 100 ya watahiniwa haimjibu. Si uongo, lakini ni jibu la swali ambalo hakuliuliza. Na kwa shule inayofundisha kwamba kila mtoto ameumbwa kwa mfano wa Mungu, mtoto aliyeondoka kidato cha tatu hafutiki kwa sababu jina lake halimo kwenye orodha ya baraza la mitihani.

Kwa hiyo kazi ya wiki ya kwanza ni kutengeneza orodha mama. Chukua rejista ya udahili ya mwaka ule, kila mtoto apewe mstari mmoja, na kitambulisho chake kiwe namba ya udahili badala ya jina. Majina huandikwa kwa tahajia tofauti kila mhula, na mtoto mmoja anaweza kuonekana kama wawili. Hakikisheni pia kwamba namba ya mtoto aliyeondoka haikupewa mtoto mwingine baadaye. Jambo hili hutokea sana kwenye shule zinazotumia madaftari, na likitokea linaharibu hesabu yote bila mtu kugundua. Kwenye kila mstari weka alama za kuingilia, mwaka wa kuingia, kama yumo kwenye mfuko wa ufadhili, masomo aliyoanza, masomo aliyofanyia mtihani, siku alizokosa kila mwaka, tarehe ya kuondoka kama aliondoka, sababu ya kuondoka, na matokeo.

Orodha hiyo itengenezwe mara mbili na watu wawili wasiotazamiana. Mwalimu wa taaluma atumie rejista za darasa, na mhasibu atumie leja ya ada. Zitatofautiana, na tofauti hizo ndizo zenye faida. Leja ya ada kwa kawaida ina tarehe sahihi zaidi za kuondoka, kwa kuwa mhasibu huacha kudai mtoto anapoondoka, wakati rejista ya darasa inaweza kubeba jina lake mhula mzima. Kaeni wote watatu, mpitie jina kwa jina mpaka orodha mbili ziwe moja.

Sehemu ngumu ni safu ya sababu. Neno "amehama" lisikubaliwe peke yake. Mtoto aliyehama kweli ameacha ushahidi: barua ya uhamisho, au shule iliyompokea kuomba kumbukumbu zake. Pasipo ushahidi andika "haijulikani". Na kwa wale walioitwa ofisini, kipimo ni kimoja: nani alianzisha mazungumzo? Mzazi akija mwenyewe kuomba uhamisho kwa sababu amebadilishiwa kituo cha kazi, huo ni uhamisho. Shule ikimwita na kumshauri amwandikishe mtoto kituo kingine au kama mtahiniwa wa kujitegemea, hilo ni kuondolewa, hata kama barua imesainiwa na mzazi. Uingereza, wakaguzi wa Ofsted wanalitazama jambo hili kwa ukali: kumshawishi mzazi amtoe mtoto kwa faida ya shule badala ya faida ya mtoto ni kosa kwa mtazamo wao, hata pale ambapo sheria haikuvunjwa. Kipimo hicho kinafaa popote.

Tuseme baada ya kazi hiyo mmepata mgawanyo wa namna hii, na aya ya kwanza ya taarifa yenu ikasomeka hivi:

"Watoto 84 walianza nasi kidato cha kwanza. Kati yao 60 wamemaliza hapa kwa wakati wake. Watoto 6 wanarudia darasa na bado wako nasi. Watoto 9 walihamishwa na wazazi wao, 5 waliondoka baada ya shule kuwashauri hivyo, na 4 waliacha kwa kukosa ada. Watoto 8 walijiunga njiani. Watahiniwa wote walikuwa 68, na wote wamefaulu."

Namba zenu zitakuwa tofauti, lakini umbo la aya libaki hilo. Asilimia 100 imo, haikufichwa wala kudharauliwa. Ila sasa msomaji anaona pia kwamba waliomaliza kwa wakati ni 60 kati ya 84, yaani asilimia 71. Wale wanaorudia darasa msiwasahau: mwakani wahesabiwe tena chini ya kundi lao la awali, kama waliomaliza kwa miaka mitano.

Andika pia maana ya "kufaulu". Daraja la mwisho kabisa linalohesabiwa ufaulu na daraja linalomfungulia mtoto mlango wa hatua inayofuata ni vitu viwili, na mara nyingi kuna umbali mkubwa kati yake. Toa namba zote mbili. Na kila somo lioneshe walioanza na waliofanya mtihani. Wastani wa fizikia unaweza kupanda kila mwaka kwa njia rahisi tu ya kuwaondoa wanyonge kwenye fizikia. Mkitoa wastani bila idadi, hamtajua wenyewe kama mmefundisha vizuri zaidi au mmechuja zaidi.

Sasa tuje kwa mzee na mwalimu wa taaluma, kwa sababu hapa kuna mtu anayeweza kupoteza kazi kwa hesabu isiyosimama.

Kutoka 23 kati ya 66 hadi 19 kati ya 68 ni kutoka karibu asilimia 35 hadi karibu asilimia 28. Ukumbini inasikika kama anguko la pointi saba. Kwa watu hasa ni watoto wanne. Kundi la ukubwa huo lina mtikisiko wake wa kawaida: mmoja aliugua wiki ya mtihani, mwingine alikosa daraja kwa alama mbili. Ukilinganisha makundi mawili ya watoto 60 na kitu, ambapo takribani theluthi moja hupata daraja la juu, tofauti ya hadi pointi 15 hivi inaweza kuletwa na bahati peke yake bila chochote kubadilika shuleni. Saba iko ndani kabisa ya mpaka huo. Tena tazama mwaka juzi: 17 kati ya 64 ni asilimia 27. Kwa hiyo mwaka uliotoka nje ya mstari ni mwaka jana, ule mliousherehekea. Francis Galton alilionesha hili katika karne ya 19: kipimo kilichopanda sana safari moja huelekea kurudi karibu na kawaida yake safari inayofuata, hata kama hakuna aliyelegea. Bodi zisizolijua hili humsifu mwalimu mwaka wa bahati na kumfukuza mwaka unaofuata.

Dawa yake ni kutangaza jumla ya miaka mitatu. Kwenu ni 59 kati ya 198, karibu asilimia 30. Mwakani mwaka wa mwanzo unatoka na mwaka mpya unaingia. Mstari huo ukishuka miaka mitatu mfululizo, hapo mna la kumuuliza mwalimu wa taaluma. Shule yenye watahiniwa 25 inahitaji uangalifu zaidi, maana mtoto mmoja peke yake ni pointi nne.

Halafu kuna watoto wa mfuko wa ufadhili. Wastani wa shule nzima unaweza kushuka huku kila kundi ndani yake likifanya vizuri kuliko mwanzo, na watu wengi hawaamini mpaka waone namba. Tuseme mwaka jana watoto walioingia na alama za juu walikuwa 56, na 22 wakapata daraja la juu, asilimia 39. Walioingia na alama za chini walikuwa 10, akapata mmoja, asilimia 10. Jumla 23 kati ya 66. Mwaka huu wenye alama za juu ni 40, wakapata 16, asilimia 40. Wenye alama za chini ni 28, wakapata 3, karibu asilimia 11. Jumla 19 kati ya 68. Hakuna kundi lililoshuka. Yote mawili yamepanda kidogo. Kilichobadilika ni idadi ya watoto mliowafungulia mlango. Sijasema ndivyo ilivyo kwenu, ila msimguse mwalimu kabla ya kufanya hesabu hii. Kama ndivyo ilivyo, mtakuwa mnamwadhibu mwalimu kwa sababu bodi iliamua kutenda jambo jema.

Namna ya kuifanya ni kuchagua kipimo kimoja cha mwanzo. Alama za mtihani wa taifa wa kumaliza msingi zinafaa kuliko mtihani wenu wa usaili, kwa kuwa usaili hubadilika ugumu kila mwaka na hausahihishwi kwa mkono mmoja. Weka mipaka miwili ya alama itakayogawa watoto wa juu, wa kati na wa chini, kisha mipaka hiyo ibaki ilivyo miaka yote. Mkigawa kwa theluthi kila mwaka upya, mtoto wa "chini" wa mwaka huu anaweza kuwa sawa na wa "kati" wa mwaka jana, na ulinganisho umekufa. Kwa kila kundi andika idadi, waliomaliza kwa wakati, na daraja la mtoto aliyesimama katikati ya mstari mkiwapanga kwa matokeo. Mtoto wa katikati anawakilisha kundi vizuri kuliko wastani, kwa sababu haburutwi na mmoja mwenye alama za ajabu.

Wale 8 waliojiunga njiani wawekwe jedwali lao dogo. Shule iliyowapokea mwaka mmoja kabla ya mtihani haiwezi kujisifu kwa miaka mitatu waliyofundishwa na wengine.

Hesabu ya namna hii, ya kumlinganisha mtoto na pale alipoanzia, ndiyo msingi wa kipimo cha Progress 8 kilichoanza kutumika England mwaka 2016 kwa shule za sekondari za umma. Kuna funzo zuri ndani yake. Mitihani ya kumaliza msingi ya mwaka 2020 na 2021 haikufanyika kule kwa sababu ya UVIKO-19, na matokeo yake kipimo hicho hakiwezi kukokotolewa kwa makundi yanayofanya mtihani wa sekondari mwaka 2025 na 2026. Bila namba ya mwanzo hakuna maendeleo ya kupima, hata serikali iwe na fedha kiasi gani. Kama shule yenu haihifadhi alama za kuingilia, anzeni kwa kidato cha kwanza cha sasa, ndani ya mwezi wa kwanza kabla karatasi hazijapotea.

Mahudhurio ni sehemu ambayo shule huandika namba moja na kupita, ilhali ndiko matatizo huonekana mapema. Wastani wa asilimia 94 unapendeza, lakini hauoneshi kwamba watoto wengi hawakosi hata siku moja wakati wachache wanapotea kwa wiki. Hesabu ni hii: siku walizohudhuria watoto wote, gawanya kwa siku walizotakiwa kuhudhuria. Kando yake weka idadi ya waliokosa asilimia 10 ya siku au zaidi. Kwa mwaka wa siku 190 hiyo ni siku 19, karibu wiki nne za masomo. Kipimo hicho cha asilimia 10 kinatumika sana Marekani kutambua utoro sugu. Yanayoharibu rejista yanajulikana: mwalimu anaita majina asubuhi tu na mtoto anatoroka baada ya chai, wa bweni anawekewa alama ya kuwepo akiwa amelala zahanati ya shule, na aliyerudishwa nyumbani kufuata ada anaandikwa "ruhusa". Huyo wa mwisho andikeni wazi kwamba amekosa kwa sababu ya ada. Mkijumlisha siku hizo kwa mwaka, mtashangaa masomo mangapi yamepotea kwa uamuzi wa ofisi, na bodi itakuwa na la kujadili na mhazini.

Kuhusu wanakokwenda wahitimu, namba inayodanganya zaidi ni ile isiyo na mstari wa "hatujawapata". Tuseme kati ya wahitimu 68 mmewapata 41, na 35 wako vyuoni au kidato cha juu. Shule itaandika asilimia 85. Lakini 35 kati ya 68 ni asilimia 51, na wale 27 wasiopatikana si rahisi wawe sawa na waliopatikana, kwa sababu aliyefanikiwa hupokea simu kwa furaha kuliko aliyekwama. Andika zote: waliopatikana wangapi, wako wapi, wasiopatikana wangapi. Kupandisha idadi ya wanaopatikana si kazi kubwa. Siku ya kuchukua cheti, chukueni namba mbili za simu, moja ya mzazi na moja ya ndugu asiyeishi nyumba hiyo. Pigeni baada ya miezi sita na tena baada ya miaka miwili. Aliye kwenye ufundi, biashara au kilimo ahesabiwe mahali pake, asitupwe kwenye "wengineo".

Sehemu zilizobaki ni za haraka. Idadi ya walimu na sifa zao. Walimu walioondoka ndani ya mwaka wagawanywe kwa waliokuwepo mwanzoni. Na kwa kila darasa la mtihani, somo lipi limebadilishiwa mwalimu zaidi ya mara moja. Mapato kwa chanzo chake, yaani ada, kanisa, wafadhili, na mfuko wa ufadhili umelipia watoto wangapi, kutoka kwenye hesabu zilizokaguliwa. Maoni ya wazazi yatajwe pamoja na idadi ya waliojibu. Kama unataka mfano wa kufuata, Australia huzidai shule zote zinazopokea fedha za serikali kuu, zikiwemo za Kikristo, zitangaze kila mwaka mambo yanayofanana sana na haya: sifa za walimu, mahudhurio na hatua zinazochukuliwa kwa watoro, matokeo ya mitihani ya taifa, kuridhika kwa wazazi, wanafunzi na walimu, vyanzo vya mapato, na wanakokwenda wahitimu. Shule za makanisa kule zimeishi na utaratibu huo miaka mingi.

Ombi la mchungaji tunalielewa na tunaliheshimu, lakini ushauri wetu ni kwamba idadi ya waliookoka na waliobatizwa isiwe kwenye taarifa ya utendaji. Mwaka 1976 mtaalamu wa Marekani, Donald Campbell, aliandika kwamba kadiri namba inavyotumika kufanyia maamuzi, ndivyo inavyovutwa na kuharibika, na inavyoharibu kile ilichokusudiwa kukipima. Fikiri itakuwaje mwaka ambao waliobatizwa ni 12 badala ya 30. Mchungaji atahojiwa na bodi. Mwaka unaofuata watoto wa miaka 14, walio mbali na wazazi wao, watasukumwa mbele ya madhabahu ili namba irudi. Kitabu cha ubatizo kibaki kanisani, kwenye mikono ya wachungaji.

Badala yake andikeni yale ambayo shule inawajibika nayo. Malezi yanafanyika saa ngapi kwa wiki na nani anayaongoza? Watoto wasio Wakristo wanahudumiwaje? Kesi ngapi za uonevu zimepokelewa, na ngapi zimefungwa ndani ya siku ngapi? Kisha ulizeni wanafunzi wote kwa karatasi isiyo na jina, isikusanywe na mwalimu wa darasa, maswali machache yasiyobadilika mwaka hadi mwaka. Lililo bora kuliko yote ni hili: "Je, yupo mtu mzima hapa shuleni ninayeweza kumweleza shida yangu?" Chukua majibu kwa kila kidato. Wa bweni na wa kutwa watenganishwe. Kama kidato cha pili cha bweni wanajibu "hapana" kwa wingi, mchungaji wa shule amepata kazi ya mwaka mzima, na ni kazi ya kichungaji hasa.

Jihadhari na siri za watoto. Kisanduku cha jedwali chenye watoto watano au pungufu kisitangazwe. Andika "5 au pungufu". Angalia pia kwamba msomaji hawezi kukipata kwa kutoa: ukificha kisanduku kimoja na kuacha jumla, umekificha bure, kwa hiyo ficha viwili. Hata ile aya ya kwanza ikiwa na namba ndogo, kwenye nakala ya kuchapwa unganisha mistari miwili, mfano "9 waliondoka kwa ushauri wa shule au kwa kukosa ada", na bodi ipewe mgawanyo kamili. Picha za kumi bora zinahitaji kibali cha maandishi cha wazazi. Zikikaa ukurasa wa ndani zinatosha. Wale wa mfuko wa ufadhili wasitambulike kwa namna yoyote.

Hofu ya mhazini si ya kupuuza. Taarifa ya wazi ikitolewa mara moja bila maelezo inaweza kweli kutisha. Kwa hiyo kila namba isiyopendeza iambatane na hatua yenye mhusika na tarehe. Kwa walioacha kwa ada: bodi imetenga kiasi gani, nani anapokea maombi, lini. Kwa walioshauriwa kuondoka: kuanzia sasa hakuna mtoto wa kidato cha mwisho atakayeondolewa bila kibali cha bodi kilichoandikwa sababu. Hatua zisizidi tatu au nne, na mwakani taarifa ianze kwa kuzijibu. Mweleze mhazini pia kwamba wazazi tayari wanajua. Wale wawili unaowafahamu wana majirani, na jirani akisoma "asilimia 100" huku akimjua mtoto aliyetolewa, anaacha kuamini hata hesabu za ada.

Kwa ratiba, wiki mbili za kwanza ni za orodha mama na ya tatu ni ya kukokotoa. Ya nne, mkuu wa shule, mwalimu wa taaluma, mhasibu na mchungaji wasome rasimu, kila mmoja akisahihisha namba za eneo lake, bila mamlaka ya kuziondoa. Wiki ya tano bodi ipitishe hatua. Ya sita ni ya kuchapa, kurasa nane zinatosha, na nakala ya kupeleka nyumbani kwa kila mzazi asiyefika.

Na kabla ya siku ya mkutano, mkuu wa shule awapigie simu wazazi wa wale watoto walioshauriwa kuondoka. Awaulize mtoto yuko wapi na anaendeleaje, awaambie bodi inawahesabu, na kama kuna ambaye bado hajafanya mtihani, aulizwe kama angependa kurudi. Wasiende kuzisikia habari za watoto wao kutoka kwa mtu aliyekuwa ukumbini.